Kontroli ya IgG1 inapandisha IFNG ya seli NK karibu sawa na rituximab. Tatizo liko wapi?

Seli_Nyeupe ameuliza:

Wakuu, salaam. Naomba msaada kwenye jaribio la kupima jinsi kingamwili inavyobadilisha usemi wa jeni ndani ya seli NK za binadamu (seli nyeupe za damu zinazoua seli zilizoambukizwa au za saratani).

Utaratibu ni huu. Damu ya mtu mzima mwenye afya, ml 40, kwenye mirija ya heparini. PBMC (limfosaiti na monosaiti za damu) zinatenganishwa kwa Ficoll, kisha NK zinapatikana kwa sumaku kwa njia ya kuondoa seli nyingine zote, NK zenyewe haziguswi. Usafi kwenye saitometa (CD3 hasi, CD56 chanya) unazidi 95%. Sahani ya visima 96 inapakwa rituximab (kingamwili ya dawa, aina ya IgG1, inayolenga CD20 ya seli B) µg 10/ml, usiku kucha, nyuzi 4. Visima vya kontroli vinapakwa IgG1 ya binadamu isiyolenga chochote, kipimo kilekile. Vingine vinabaki na PBS tu. Seli 200,000 kwa kila kisima, RPMI yenye 10% ya seramu ya binadamu aina AB, saa 16 kwenye nyuzi 37. Kisha seli zinavutwa kwa pipeti, RNA inatolewa, na qPCR (kipimo cha wingi wa mRNA) inapimwa kwa IFNG na TNF (jeni za saitokini), GZMB na PRF1 (jeni za protini za kuulia), huku GAPDH ikiwa jeni rejea.

Yanayotatiza:

IFNG inapanda kwenye rituximab ukilinganisha na kisima cha PBS, lakini kwenye IgG1 ya kontroli inapanda karibu kiasi hichohicho. GZMB na PRF1 hazitikisiki kabisa. TNF kwa mchangiaji mmoja iko juu, kwa mwingine haionekani. RNA inayotoka kwenye visima vya rituximab ni kidogo kuliko ya visima vya PBS, ingawa idadi ya seli zilizowekwa ni ileile. Na Cq (mzunguko ambao ishara ya qPCR inaonekana; ikishuka, mRNA ni nyingi) ya GAPDH inashuka kwenye visima vilivyoamshwa.

Je, ni rituximab yenyewe haifanyi kazi, au ni mpangilio?

---

Mkia_wa_Fc amejibu:

Mkuu, rituximab yako ni nzima, na kisima chako cha IgG1 kinasema kweli. Kisichostahili ni kuitwa kontroli. CD16A (CD16 kwa kifupi), kipokezi cha seli NK, hushika kingamwili mkiani, kwenye Fc, na haina habari na kile ambacho Fab, mikono ya kingamwili, zimeumbwa kukishika. Ukishabandika IgG1 yoyote kwenye plastiki kwa wingi, mikia inakaa karibu karibu, CD16 nyingi zinavutwa pamoja mahali pamoja, na seli inaamka. Kwenye sahani hakuna CD20. Kwa hiyo mbele ya seli NK, rituximab na IgG1 isiyolenga chochote ni kitu kilekile.

Neno la kushika hapo ni *kuvutwa pamoja*. Seramu ya mtu ina IgG ya takriban mg 10/ml na NK haziwaki kutwa kucha, kwa sababu IgG moja moja hushikwa na CD16 kwa udhaifu na kuachiwa. Zikikusanyika, Lck inatia fosfeti kwenye ITAM (sehemu za kupeleka ishara) za CD3ζ na FcRγ, protini zilizoshikamana na CD16, Syk na ZAP-70 zinapanda juu yake, PLCγ inafungua kalsiamu, kalsineurini inaiachia NFAT iingie kwenye kiini. Sambamba na hapo, ERK inaleta AP-1, na NF-κB nayo inaingia. Ndipo IFNG, TNF, CCL3 na wenzake wananakiliwa.

Kontroli zinazofaa kwa swali lako:

Ya kwanza na bora ni rituximab ileile ikiwa na Fc bubu, ama N297A (haina sukari kwenye Fc) ama LALA-PG, yaani L234A/L235A/P329G. Inapaka plastiki vilevile, ina Fab zilezile, kilichobadilika ni mkia peke yake. Kama huwezi kununua wala kuzalisha, tengeneza F(ab')2 (kingamwili isiyo na Fc) kwa kimeng'enya IdeS, ambacho hukata IgG chini kidogo ya bawaba. Lakini hakikisha vipande vya Fc vimeondolewa, na uthibitishe kwa SDS-PAGE isiyo na kipunguzaji kwamba hakuna IgG nzima iliyobaki. Mabaki madogo tu ya IgG nzima yakipakwa kwenye sahani yanatosha kukuharibia kontroli. Njia ya tatu ni kuondoa sukari kwa PNGase F. Inapunguza sana kushikwa na CD16, ila usiiamini bila kupima kama imekamilika.

Ya pili, zuia kipokezi chenyewe. Weka F(ab')2 za kloni 3G8 (kingamwili dhidi ya CD16) kwenye seli, µg 10/ml, dakika 20, kabla ya kuzihamishia kwenye sahani. IFNG ikishuka, umethibitisha kwamba njia ni CD16. Tumia F(ab')2, si 3G8 nzima. Kwa sababu hiyohiyo, usitumie 3G8 kuchagulia seli zitakazoamshwa baadaye: inaziba palepale ambapo Fc inapaswa kukaa.

Kisima cha PBS nacho si kontroli ya kisima kilichopakwa protini. Badala yake paka BSA 1%.

Kama lengo lako ni kipokezi na si dawa, kuna njia rahisi zaidi: paka 3G8 yenyewe, ambayo ni IgG1 ya panya, na kontroli iwe IgG1 ya panya. CD16 ya binadamu huishika IgG1 ya panya kwa udhaifu, hivyo kontroli inatulia. Hapo utakuwa umejifunza CD16 inafanya nini, lakini hujajifunza rituximab inafanya nini, na kwenye kuandika matokeo usichanganye mambo hayo mawili.

Sasa seramu. AB 10% inaleta takriban mg 1/ml ya IgG ya binadamu kwenye kisima. IgG hiyo inashindana na iliyopakwa, na kiasi chake hutofautiana kutoka chupa hadi chupa. Tumia FBS (seramu ya kijusi cha ng'ombe) iliyopashwa nyuzi 56 kwa dakika 30.

Kisha kuna vitu viwili vinavyojificha ndani ya chupa ya kingamwili. Cha kwanza ni mabonge. IgG iliyogandishwa na kuyeyushwa mara nyingi hushikana, na mabonge hayo huivuta CD16 pamoja hata bila sahani wala seli lengwa. Zungusha 10,000 g, dakika 10, nyuzi 4, uchukue ya juu. Cha pili ni endotoksini (LPS ya bakteria), hasa kwa kingamwili iliyotengenezwa maabara. NK zenyewe hazishtushwi nayo sana, lakini monosaiti chache zilizobaki kwenye ile 5% yako zitatoa IL-12 na IL-18, na IFNG itapanda kwa njia ambayo haihusiani na Fc. Chemsha sehemu ya kingamwili dakika 10 uitumie kwenye kisima chake: IgG inakufa, LPS inabaki. IFNG ikipanda hata hapo, mchawi umempata.

---

CqThelathini amejibu:

Nakubaliana na aliyetangulia. Mimi naingia kwenye muda, uvunaji na qPCR.

RNA kupungua kwenye visima vya rituximab: weka sahani chini ya darubini kabla ya kuvuna. Kwenye BSA seli ni za duara, zinayumba ukigusa sahani. Kwenye IgG zimetandazika bapa na kung'ang'ania plastiki. Ukizivuta kwa pipeti unachukua zilizolala na kuziacha zilizoamka, maana yake unapoteza zile hasa unazozitafuta. Suluhisho: ondoa maji ya juu taratibu (yatunze kwa ELISA ya IFN-γ), mimina bafa ya kuyeyushia moja kwa moja ndani ya kisima, pandisha na kushusha pipeti mara kumi ukisugua chini, ndipo uhamishie kwenye safu ya RNA. Zile chache zinazoelea kwenye maji ya juu zizungushe 300 g na uziyeyushe kwenye bafa ileile.

Usitarajie RNA nyingi. Limfosaiti iliyotulia ina takriban pg 1 ya RNA yote, hivyo seli 200,000 zitakupa ng 100 hadi 200 mambo yakienda vizuri. Unganisha visima 2 vya kipimo kimoja kabla ya safu, toa kwa µl 30 au pungufu, na DNase ifanyike juu ya safu. Mara zote endesha kisima cha qPCR kisicho na RT (kimeng'enya kinachogeuza RNA kuwa DNA). Heparini nayo ni sumu kwa RT na polimerasi. Ukiosha PBMC mara 3 kabla ya sumaku haitakusumbua, kwa hiyo usipunguze kuosha.

Muda. Saa 16 ni kuchelewa kwa nusu ya jeni unazozitaka. Ndani ya saa 1 ndipo EGR1, EGR2, FOS na NR4A1 hadi NR4A3 zinaruka. Kati ya saa 2 na 6 utaziona IFNG, TNF, CCL3, CCL4, XCL1, XCL2, CSF2, CRTAM na TNFRSF9. TNF hupanda mapema na kushuka mapema, kwa hiyo ukivuna saa 16 unachokiona ni mkia wa tukio, na mkia huo kwa kila mchangiaji una urefu wake. Hapo ndipo tofauti yako ya TNF inapotokea kwa kiasi kikubwa. Chukua saa 0, 1, 4 na 16. Ukilazimika kuchagua moja, chagua 4.

Saa 0 isikukwepe, wala BSA ya kila saa. FOS na EGR1 hupandishwa pia na kutoka kwenye barafu hadi nyuzi 37, na hata na sentrifuji. Bila BSA ya saa ileile utaisifia kingamwili kwa kazi ya joto.

Baada ya kumimina seli, zungusha sahani 100 g kwa dakika 1. Zisipozungushwa zinashuka zenyewe polepole, na "saa 1" yako inakuwa mchanganyiko wa seli zilizogusa chini mapema na zilizochelewa.

GZMB na PRF1: hilo si kosa. NK za CD56 hafifu zina mRNA ya jeni hizo kwa wingi hata zikiwa zimetulia, na protini imeshapakiwa kwenye chembechembe. Kuua hakungojei unakili. CD107a, alama ya seli kumwaga chembechembe, inatokea juu ya seli mapema kabla jeni hazijabadilika. Ukitaka kujua kama seli zimefyatua, pima CD107a kwa saa 4: kingamwili yake iwemo tangu mwanzo, na monensini. Visima hivyo viwe vyake, visichanganywe na vya RNA.

GAPDH iache. Seli iliyoamka inaongeza uchomaji wa glukosi, na GAPDH ni kimeng'enya cha njia hiyo. Inapopanda, IFNG yako inaonekana ndogo kuliko ilivyo. ACTB nayo si salama kwa seli inayojitandaza, na B2M hupandishwa na interferoni ambazo NK zenyewe zinatoa. Jaribu TBP, YWHAZ na RPL13A kwenye sampuli zako, saa zote, kwa kiasi sawa cha RNA kwenye RT. Chukua mbili ambazo Cq zake hazihami. Ufanisi wa kila primeri uwe kati ya 90% na 110% kwenye mfululizo wa kuzimua.

Jambo moja ambalo wengi hulipita. IFNG kupanda si lazima iwe unakili mpya. mRNA yake ina vipande vyenye A na U nyingi mwishoni, na p38 inaweza kuirefushia maisha. Ukitaka kutenganisha, tengeneza primeri zinazokaa ndani ya introni ya IFNG. Zinapima RNA ambayo haijakatwa bado, na hapa ndipo DNase isiyokamilika itakuumbua. Au weka aktinomisini D baada ya saa 3 na ufuatilie kasi ya kushuka kwa nusu saa nusu saa.

IL-2 usiongeze usiku kucha kabla ya jaribio. Inabadilisha mamia ya jeni kabla kingamwili haijagusa chochote.

---

Seli_Nyeupe:

Asanteni sana wakuu, hii imenyoosha mambo mengi. Maswali mawili ya ziada. Kwenye saitometa CD16 inashuka mno baada ya saa 4 kwenye rituximab. Je, seli inaizima FCGR3A, jeni ya CD16? Na nikitaka kuacha sahani nitumie seli za Raji (seli B za saratani), ambazo zina CD20 ya kweli, nifanyeje RNA ya Raji isiingie?

---

Mkia_wa_Fc amejibu:

CD16 kushuka usoni mwa seli si habari ya jeni. Seli NK ikiamka, ADAM17 inaikata CD16 karibu na utando na kuiachia kwenye maji. Sehemu nyingine humezwa ndani pamoja na kingamwili. Weka TAPI-1 (kizuizi cha ADAM17) kwenye kisima kimoja uone kama CD16 inabaki juu. Kisha pima mRNA ya FCGR3A kwa wakati huohuo na uziweke grafu mbili bega kwa bega. Bila grafu ya mRNA huwezi kusema lolote kuhusu jeni. Angalizo: FCGR3A na FCGR3B zinafanana karibu herufi kwa herufi, na FCGR3B ni ya nutrofili. Primeri zisizochagua zitakupa namba za nutrofili zilizopita kwenye Ficoll, hasa kama damu imelala.

Kuhusu Raji, uamuzi mzuri, kwa sababu hapo ndipo Fab inapata kazi na IgG1 isiyolenga chochote inakuwa kontroli halali: haishiki Raji, haikusanyiki. Zipake Raji rituximab µg 1/ml kwa dakika 20, osha ili iliyo huru iondoke, changanya na NK kwa 1:1, zungusha 100 g dakika 1, saa 4. Raji peke yake haichokozi NK sana, tofauti na K562 (seli za leukemia) ambayo huuawa hata bila kingamwili, kwa hiyo K562 usiiweke kwenye jaribio hili.

Kuitenganisha ndiyo shughuli. Raji ni seli kubwa kuliko NK na ina RNA nyingi zaidi, hivyo Raji chache tu zinachafua sampuli. Tena ni seli B, nazo huweza kutoa CCL3 na CCL4, jeni zilezile unazozitafuta. Chagua kwa kupanga seli kwenye saitometa: CD56 chanya, CD3 hasi, CD19 hasi, seli moja moja tu, zilizo hai. Usitumie CD20 kama alama, maana rituximab imeshaifunika, na NK hunyofoa vipande vya utando wa Raji vikiwa na CD20 na kuvibeba usoni mwake. CD19 nayo inaweza kunyofolewa kidogo, hivyo geti isiwe kali mno. Dawa nzuri ni kuitia Raji rangi ya ndani, kama CFSE au CellTrace, kabla ya kuchanganya. Kila kitu kiwe nyuzi 4 kuanzia saa 4 inapogonga. Baada ya kusoma RNA tazama MS4A1 na CD79A, jeni za seli B. Zikiwa juu kwenye sampuli ya NK, Raji imeingia.

Kuna njia ya mkato isiyohitaji kupanga seli. P815 ni seli za panya zenye vipokezi vya Fc vya panya. Ukiweka 3G8 µg 1/ml, P815 inaishika mkiani, na Fab zinaelekea kwenye CD16 ya NK. Kontroli ni IgG1 ya panya. Kwa kuwa lengwa ni la panya, primeri za binadamu pekee zinatosha, na kwenye RNA-seq unagawa mfuatano kwa jenomu mbili. Endesha kisima cha P815 peke yake uhakikishe primeri zako hazimsomi panya.

Ukija kubadilisha kingamwili, angalia kwanza kama lengwa haliko kwenye NK yenyewe. Daratumumab hulenga CD38, na NK zina CD38 nyingi. Zitauana zenyewe kwa zenyewe, na utakachopima saa 16 ni jeni za walionusurika. Elotuzumab hulenga SLAMF7, ambayo pia iko kwenye NK, na huiamsha NK moja kwa moja hata bila Fc. Obinutuzumab nayo inalenga CD20 kama rituximab, lakini sukari ya Fc yake imepunguzwa fukosi, hivyo CD16 huishika kwa nguvu zaidi. Ukizilinganisha mbili hizo kwa dozi moja tu hutajua kama jeni zimetofautiana au ni mkunjo wa dozi umesogea. Weka dozi angalau 4.

---

Darasa_la_Kinga amejibu:

Nimeona hakuna aliyegusa wachangiaji, na TNF ya kuonekana kwa huyu na kukosekana kwa yule inaweza kuwa na mzizi huko pia, si kwenye saa peke yake.

Kuna herufi moja kwenye FCGR3A, rs396991, inayoamua kama nafasi ya 158 ni valini au fenilalanini. Valini hushika IgG1 kwa nguvu zaidi. Kwenye sahani iliyopakwa sana tofauti hiyo hupungua, lakini kwenye Raji kwa dozi ndogo inajitokeza. Wapime wachangiaji wote kabla ya kuanza, kwa kipimo kisichochanganya na FCGR3B.

Kubwa zaidi ni CMV (virusi vya sitomegalo). Mwenye CMV anaweza kuwa na kundi la seli NK zilizojirekebisha: NKG2C chanya, CD57 chanya, zikiwa zimepoteza FcRγ, mara nyingi pamoja na SYK, EAT-2 na PLZF. Ungetegemea kupoteza FcRγ kudhoofishe CD16, lakini inakuwa kinyume. CD3ζ inabeba ishara peke yake, na eneo la jeni ya IFNG limeondolewa metili, liko wazi. Seli hizi hujibu kingamwili kwa IFN-γ na TNF nyingi, huku zikijibu IL-12 na IL-18 kwa uvivu. Yaliandikwa kwa kina mwaka 2015 na bado ndiyo msingi.

Kwa anayefanya kazi hii Afrika Mashariki, jambo hili linabeba uzito wake wote. Watu wengi hapa hupata CMV utotoni, kwa hiyo kumtafuta mchangiaji asiye nayo ni kazi ngumu, na kuuliza "anayo au hana" hakusaidii. Pima ukubwa wa kundi lenyewe. Na malaria inaongeza lake. Utafiti wa Mali ulikuta seli NK zisizo na FcRγ zikihusiana na kinga dhidi ya malaria, na kwa watoto wa Tororo, Uganda, ilionekana malaria ya kujirudia ikikuza seli NK zisizo na CD56 zenye sifa zinazofanana na hizo. Na huko Kilifi, kingamwili za watu wazima wa Kenya dhidi ya merozoiti (hatua ya kimelea cha malaria inayovamia seli nyekundu) zilionyeshwa kuzifanya NK zifyatue na kutoa IFN-γ, na hilo likaendana na kinga. Yaani kingamwili na NK si somo la dawa za saratani tu.

Kwa geti yako ya CD56 chanya, seli zote zisizo na CD56 umezitupa. Ongeza CD7 na CD16 kwenye paneli, uondoe CD3, CD14 na CD19, ndipo utaziona. CD16 hapa ipimwe kwenye sehemu ndogo ya pembeni, kwa sababu aliyoieleza Mkia_wa_Fc. FcRγ iko ndani ya seli na inahitaji kutobolewa utando, kwa hiyo nayo iwe sehemu ya pembeni: seli 100,000 kwa NKG2C, CD57 na FcRγ, siku ileile ya kuamsha.

Kwenye RNA-seq ya wachangiaji hawa, mRNA ya CD3E ikionekana usikimbilie kusema seli T zimeingia. NK zilizojirekebisha huinakili. Tazama CD5 na CD4 pamoja nayo.

Na takwimu: n ni mchangiaji, si kisima. Visima 3 vya mtu mmoja ni n ya 1. Kwenye DESeq2 weka modeli `~ mchangiaji + tiba`, ili kila mtu ajilinganishe na BSA au N297A yake mwenyewe. RNA za mtu mmoja, saa zote na tiba zote, zitolewe siku moja na maktaba zake zitengenezwe kwenye kundi moja. Ukizigawa, tofauti ya siku itajivika sura ya tofauti ya kingamwili, na hakuna modeli itakayozitenganisha.